Mguu Unaokumbuka Korongo

1

Yule binti wa Kibaigwa alinifukuza mita mia nne zote na hakunifikia. Alikuja mbio kweli, na gari lake la umeme halina sauti, kwa hiyo unachokiona ni pua tu inajitokeza kwenye kioo cha pembeni, inakua, inazidi kukua. Nikamwacha akue. Tulipolikaribia pipa jekundu lililoko kabla ya mstari wa mwisho nikanyanyua mguu taratibu, nikavuka mstari pua yangu ikiwa mbele ya pua yake kwa upana wa mkono, na ubao ukawaka kijani upande wangu. Watu wakapiga vigelegele. Nikatoka garini, nikavua helmeti, nikawapungia mkono kama bibi harusi.

"Sechelela Chidong'oi anaingia fainali," Mizani ikatangaza kwenye vipaza sauti, kwa ile sauti yake ya mwalimu wa shule ya Jumapili. "Alama kumi na tisa kati ya ishirini."

"Na hiyo moja kaila nani?" nikauliza. Watu wakacheka. Hata yule binti alicheka, maskini, japo macho yalikuwa yamemjaa machozi.

Uwanja wetu uko nje kidogo ya Kongwa, ni njia ya zamani ya kurukia ndege, na tunakimbia wawili wawili, mwanzo mpaka mwisho, basi. Zamani mwenye gari kali alishinda kila Jumamosi na wengine wakaenda nyumbani wakiwa wamenuna. Ndipo tukaileta Mizani. Ukifika unavaa ukanda shingoni. Unakusoma moyo na jinsi misuli ya mguu inavyoitika. Nyaya zilizofukiwa chini ya lami zinalisoma gari. Mizani inayachanganya hayo na mbio zako zote za nyuma, kisha inakupa nambari, yaani muda inaoamini utautumia leo kufika mwisho tangu gari ling'oke. Wa polepole anawashiwa taa kwanza, wa kasi anawashiwa baadaye, ili mkifika mfike pamoja na kila mtu awe na nafasi yake. Ukikimbia upesi kuliko nambari yako, tunasema umepasua, na aliyepasua ameshindwa hata kama ametangulia. Alama nazo zinagawiwa kwa ukaribu: kadiri unavyoigusa nambari yako bila kuipasua, ndivyo unavyozoa.

Na mimi, ndugu yangu, nilikuwa nazizoa. Naifikia nambari yangu kama mtu anayeegesha gari mbele ya nyumba yake. Misimu minne mfululizo nimekuwa bingwa, na watu walikuwa wananiuliza siri, nami nawaambia siri ni kuzaliwa nayo.

Kanuni za mchezo huu nazijua kwa sababu nusu yazo nimezitunga mimi. Ile inayosema Mizani haiguswi msimu ukishaanza ni hoja yangu. Kila Jumamosi mtu alikuwa anakuja kulalamika kwamba nambari yake imekosewa, mwingine kaachwa na mume, anataka Mizani imfikirie. Nikasimama kikaoni nikasema hapana, kilio chochote kisubiri msimu uishe. Nilipigiwa makofi.

Sasa sikia kilichokuwa mezani siku ile. Mafuta yamepigwa marufuku nchi nzima, hilo unalijua. Lakini Ofisi ya Hewa inauruhusu uwanja kama wetu uwe na injini moja ya mafuta, moja tu, kwa ajili ya kumbukumbu na burudani, na kibali chake anapewa bingwa. Injini nyingine yoyote iliyofika mwisho wa msimu inamiminiwa gundi ya samawati kwenye silinda. Gundi ile ikikauka, hata nyundo haiingii. Mwaka huu zilibaki mbili: yangu, na ya kijana mmoja aitwaye Yared Ndahani, mwalimu wa chekechea aliyehamia kwetu kutoka Urambo. Na fainali ilikuwa mimi na Yared. Jioni ile injini moja ingekufa.

Yangu inaitwa Mkwe. Tulimwita hivyo mimi na kaka yangu Mbogoni kwa sababu ananuna asubuhi, anataka heshima, na ukimkosea anakusema mbele za watu. Silinda nane. Tumemuunda wenyewe kwa vyuma vya malori yaliyokufa, kipande kimoja kimoja, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote. Nilikuwa na hakika Mkwe haguswi na gundi. Hakika kabisa, wala sikuwa nimekosa usingizi.

2

Yared alinikuta nimekaa kwenye kivuli cha kontena letu, nakunywa chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kukuangalia vizuri, maana jioni utakuwa nyuma yangu, sitakuona."

Nikampenda papo hapo. Nikamsogezea kiti na kumimina chai. Alikaa akizungusha kikombe, akionekana ana jambo.

"Kuna kitu nataka kuuliza, ila utanicheka."

"Nitakucheka hata usipouliza."

"Pale kwenye pipa jekundu," akasema. "Gari lako linainamisha pua. Kila mara. Nikadhani ni mtindo wako, lakini leo nimekaa ukutani nikaangalia, na la Masumbuko nalo linainama, na la yule baba wa Pandambili. Wakongwe wote. Sisi wageni hatuinamishi. Pale pana nini, lami mbovu?"

"Pana korongo," nikasema.

"Korongo gani?"

Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Kwani kumbe hajui! Nikamweleza. Zamani, mbele tu ya mstari wa mwisho, mvua zilikuwa zimechimba korongo la kumeza basi. Breki za siku zile unazijua. Ukivuka mstari hujanyanyua mguu, huko mbele ni kwa Mungu. Mbogoni aliwahi kuning'inia ukingoni na magurudumu mawili hewani, akawa anapiga kelele aletewe mchungaji, si kamba. Baada ya hapo tukakubaliana madereva wote, likawekwa pipa jekundu mita themanini kabla ya mstari: ukilifikia pipa, mguu juu. Hakuna aliyeona aibu. Ilikuwa adabu ya uwanja.

"Na sasa hivi liko wapi hilo korongo?"

"Tumelifukia misimu miwili iliyopita. Mawe, kifusi, lami juu yake. Ng'ombe wanalala pale."

"Kwa hiyo mnanyanyua mguu kwa ajili ya shimo ambalo halipo."

"Mazoea, mwanangu. Mguu hauna habari."

Akacheka naye. Kisha akasema, bila ubaya wowote, akiwa anajifuta mdomo: "Basi nyinyi mna raha. Mimi Mizani haijaniachia hata punje. Nikikanyaga mafuta mwanzo mpaka mwisho naangukia hapo hapo kwenye nambari yangu. Siku injini ikiamka vizuri, napasua. Nimepasua mara tano msimu huu, na kosa langu ni kwenda vizuri."

Akainuka, akashukuru kwa chai, akaenda. Nami nikabaki nimeshika kikombe, kicheko kimenikauka.

Kwa sababu niliiona yote kwa mara moja. Mizani tuliifunga korongo likiwa bado lipo. Ilijifunza kwa mbio zetu za wakati ule, mamia ya mbio, na katika kila moja wakongwe tunapunguza mwendo mita themanini za mwisho. Haina macho ya kuona korongo. Ina nyaya na ukanda wa shingo. Ilichokiona ni watu wanaopungua mwishoni, ikatupa nambari za watu wanaopungua mwishoni. Na tulipolifukia korongo, hakuna aliyeiambia. Nani amwambie mashine habari za kifusi?

Maana yake ni hii. Mimi nikifika kwenye pipa nina akiba. Nikiona mtu ananikaribia, nachelewa kidogo kunyanyua mguu. Nikiona yuko mbali, nawahi. Naipima nambari yangu kwa kidole. Yared hana cha kuchelewesha wala kuwahisha. Nambari yake ndiyo mwisho wa nguvu zake, akiteleza kidogo anashindwa, akizidi kidogo anashindwa. Yule binti wa Kibaigwa vilevile. Na mimi nilikuwa nawapungia watu mkono nikisema nimezaliwa nayo.

Nilikasirika. Kwanza na Mizani, halafu na Yared kwa kuniuliza, halafu na nafsi yangu, kwa mpangilio huo.

3

Kibanda cha Mizani kiko juu ya nguzo, na dada Winfrida, mwenyekiti wetu, hutoka humo mara mbili tu kwa siku, zote kwenda msalani. Nikapanda ngazi bila kupiga hodi.

"Iulize Mizani kwa nini imenipa kumi na nukta nne leo," nikamwambia.

"Shikamoo hujaiona njiani?"

"Shikamoo, dada. Iulize."

Akanitazama usoni, akaona si siku ya mizaha, akauliza. Mizani ikajibu kwa upole wake wote: "Injini ya Sechelela Chidong'oi ina uwezo wa chini ya sekunde kumi. Hata hivyo, dereva hupungua nguvu katika mita themanini za mwisho. Sababu inayokadiriwa: umri."

"Umri!" nikapiga kelele. "Nani kazeeka? Mimi? Hebu toka humo tushikane mikono!"

"Inasema tu inachokisoma," akasema dada Winfrida.

"Inasoma korongo, dada! Inasoma korongo ambalo wewe mwenyewe ulibeba mawe ya kulifukia!"

Dada Winfrida si mjinga. Alikuwa karani wa mahakama miaka mingi, na jambo ukilianza yeye amekwisha kulimaliza kichwani. Nikamwona anahesabu wakongwe wote, mbio zote, alama zote za msimu. Kisha akainuka akafunga mlango.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Vizuri. Pale chini ya turubai amekaa Bwana Ngalapa wa Ofisi ya Hewa, na ndoo yake ya gundi. Wanatuachia injini ya mafuta kwa sababu moja tu, kwamba tuna mfumo wa haki wa kumpata mmoja. Nikitangaza leo kwamba Mizani imekosea msimu mzima, hakuna bingwa. Bila bingwa hakuna kibali. Atamimina kwa Mkwe na atamimina kwa ya yule kijana, na uwanja huu hautasikia injini tena."

"Basi rekebisha nambari yangu peke yangu, kimya kimya."

"Msimu ukiwa umeanza?" Akanitolea macho. "Kanuni ya nani hiyo, mdogo wangu?"

Ilikuwa yangu.

"Msimu ukiisha naifutia kumbukumbu zote za zamani," akasema, sauti imeshuka. "Kila mtu ataanza upya. Nakuapia."

"Na Yared?"

"Yared atakuwa ameshamiminiwa."

Chini tulimsikia Yared akijaribu injini yake. Ni ndogo, silinda nne, aliitoa kwenye mashine ya kusaga ya marehemu mama yake. Inalia kwa sauti nyembamba yenye hamu. Dada Winfrida alinishika bega.

"Nenda kakimbie unavyokimbia siku zote, Seche. Hujaiba. Kanuni ni moja kwa wote."

Hapo ndipo iliponikwama. Ni kweli, kanuni ni moja kwa wote. Sote tunavaa ukanda uleule, tunakimbia lami ileile. Ila sisi tumeingia na korongo mfukoni, wao wameingia mikono mitupu, halafu tunaambiwa tuko sawa.

4

Mbogoni alikuwa amelala chini ya gari, miguu nje. Nilimweleza nikiongea na viatu vyake.

Aliposikia yote akajivuta nje, uso una grisi. Mbogoni ni mtu wa maneno machache, mimi nimeyamaliza ya familia nzima.

"Kwa hiyo unataka kufanya nini?"

"Nikikimbia kama kawaida nashinda, na najua kwa nini nashinda. Sasa nataka nisiangalie taa yangu. Niangalie yake. Ikiwaka ya kwake, tuondoke wote. Na kwenye pipa sinyanyui."

"Utapasua."

"Nitapasua vibaya sana."

"Na Mkwe atamiminiwa gundi."

"Ndiyo."

Alisimama. Akazunguka gari, akaweka kiganja kwenye boneti, akakiacha pale. "Mkwe ni wangu pia, dada," akasema. "Huyu nimemlaza chini nimemwamsha, nimemtafutia pete za pistoni mpaka Singida. Mke wangu anasema nikifa nizikwe naye. Wewe unataka kumtoa kwa ajili ya mtoto tuliyemjua msimu huu?"

"Simtoi kwa ajili yake."

"Kwa ajili ya nani, basi?"

Nikamwambia ukweli, ambao haukuwa mzuri kama ambavyo ningependa. Nikamwambia kwamba mashine imesema nimezeeka, na mimi sijui tena kama mimi ni dereva au ni mtu aliyebebwa na shimo. Misimu minne. Nataka kujua. Na njia ya kujua ni moja: nikae sawa na yule kijana, bila akiba, nikanyage mpaka mwisho, nione. Na kama kweli mimi ni dereva, basi yeye naye amekuwa akinyimwa haki yake na watu kama mimi, na hilo silimezi. Nilimwambia pia kwamba akisema hapana, nitanyanyua mguu, nitashinda, na hatutaongea tena habari hii. Nilimaanisha. Nusu yangu ilikuwa inamwomba aseme hapana.

Mbogoni alikwenda kwenye sanduku la vifaa akapekua kwa muda, na nikadhani ananipuuza. Akarudi na plasta nyeusi ya kufungia nyaya. Akaingia garini, akakaa kwenye kiti changu, akafumba jicho moja kupima, kisha akabandika kipande kwenye kioo cha mbele, pale hasa taa zangu zinapoonekana.

"Utashawishika kuangalia," akasema. "Nakujua."

Akashuka akaenda nyuma ya kontena. Sikumfuata. Mtu mzima akitaka kulia, mwache alie kwa nafasi.

5

Uwanja ulijaa. Bwana Ngalapa alisogezewa kiti karibu na mstari wa kuondokea, ndoo ya gundi miguuni pake, amevaa suti kwenye jua lile. Ni mtu mpole, alinisalimia na kuniuliza habari za nyumbani. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Tukajipanga. Mkwe ananguruma chini yangu mpaka meno yananitetemeka. Yared upande wa kushoto, ameinamia usukani kama anausomea watoto hadithi. Mizani ikatangaza nambari: mimi kumi na nukta nne, yeye kumi na nukta moja. Niwashiwe kwanza, nipewe upenyo wangu wa kizee.

Kwenye kioo changu palikuwa na plasta. Nikaielekeza shingo kushoto, kwenye taa zake.

Njano. Njano. Nikajua yangu imekuwa kijani, nilisikia watu wakivuta pumzi, na mwili wangu wote ukaruka kwenda mbele ndani ya mkanda. Niliubana mguu. Kitambo kidogo kile, kidogo hata hakitoshi kupepesa jicho, ndicho kirefu kuliko vyote nilivyowahi kukaa. Kisha yake ikawaka kijani, nikamfungulia Mkwe.

Lo! Tuliondoka pamoja, kabisa pamoja. Nilimwona Yared anageuka kunitazama, kidogo tu, amestaajabu kunikuta hapo pembeni yake badala ya mbele. Gia ya pili akanitangulia. Kale kainjini ka kusagia unga kana moyo, nakwambia! Gia ya tatu nikamrudia. Mlango kwa mlango, na sauti mbili, yangu nzito na yake nyembamba, zikawa zinagongana katikati ya lami. Nilijikuta nacheka kwa nguvu ndani ya helmeti. Sikuwa nimecheka nikiendesha tangu zamani sana. Nilikuwa nimeshazoea kupimapima.

Halafu pipa jekundu.

Ndugu yangu, mguu ulinyanyuka wenyewe. Sikuuamuru. Niliuhisi unapanda, misuli ya paja inavuta, na machoni nikaliona korongo, pana, jeusi, na Mbogoni anamwita mchungaji. Nilijua halipo. Nimelifukia kwa mikono hii. Na bado mguu ulikataa kuniamini.

"Shuka!" nikaukaripia. "Shuka, mpumbavu wewe!"

Ukashuka. Mpaka chini kabisa, mpaka chuma. Mkwe akatoa sauti ambayo hatujawahi kuisikia, mimi wala Mbogoni, kwa kuwa hatukuwahi kumwachia afike huko. Mita themanini za mwisho tulizikimbia mimi na Yared bila pipa, bila korongo, bila hesabu yoyote, na nilivuka mstari nikiwa nimemtangulia kwa urefu wa gari.

Tukapita juu ya lile korongo la zamani. Halikuniuliza kitu.

Nilipopunguza mwendo na kugeuza, ubao ulikuwa umewaka. Upande wangu nyekundu. Sechelela Chidong'oi, tisa na nukta tisa: amepasua. Upande wake kijani. Yared Ndahani, kumi na nukta moja, mshindi. Kelele za watu zikaanza, na nilizisikia vizuri. Wanasema mama kapagawa. Wanasema tamaa. Wanasema kazeeka, hajui tena kupima. Nilitaka kupanda juu ya gari niwaeleze mmoja mmoja kwa majina yao. Nikakumbuka ndoo ya gundi na zile injini mbili, nikaufunga mdomo wangu. Kwa mtu kama mimi, hicho ndicho kilichokuwa kigumu kuliko yote siku ile.

6

Bwana Ngalapa aliniuliza kama ningependa aende akafanyie kazi yake nyuma ya turubai, faraghani. Nikasema hapana, hapa hapa. Mbogoni alifungua plagi mwenyewe, zote nane, akazipanga kwenye kitambaa safi. Mkwe alikuwa bado wa moto. Gundi ilipoingia ilifuka mvuke, ikanuka kama nywele zinazoungua, na mimi nikalia. Sikujificha. Nililia mbele ya watu wote wa Kongwa kamasi zikinitoka, nikiwa nimemshika kaka yangu mkono, naye akilia vilevile.

Yared alikuja akiwa na kibali mkononi. Hakuwa na uso wa mshindi.

"Hukuinamisha," akasema.

"Sikuinamisha."

"Na taa yako hukuifuata. Tuliondoka wote. Mama, mimi si mtoto, naona." Akanisogezea kibali. "Kama ni huruma, sikitaki hiki."

"Huruma?" Nikajifuta uso kwa mkono wa shati. "Umeangalia ubao? Nimekushinda, Yared! Nimekushinda sawa kwa sawa, na nitakusimulia hivyo mpaka uzeeke. Kibali ni chako kwa sababu nambari yangu ilikuwa mbovu na yako ilikuwa ya kweli. Basi. Mengine utaelezwa na dada Winfrida msimu ukifungwa, na ukiyatoa mdomoni kabla ya hapo nitakuja shuleni kwako nikuchape mbele ya watoto wako."

Akamtazama Mkwe, samawati imejaa kwenye matundu yote, inakauka. "Nitaiwashaje yangu," akasema polepole, "na wewe unaniangalia?"

"Iwashe. Sasa hivi, kabla sijaanza tena kulia."

Akaenda. Akawasha. Ikaita mara mbili, ikashika, na sauti yake nyembamba ikaenea peke yake uwanja mzima, kwa kuwa hakukuwa na nyingine tena ya kushindana nayo. Watu wakatulia kuisikiliza. Mbogoni aliinua kichwa, nami nikakiinua, tukatazamana huku macho bado yanatuuma.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Silinda ya tatu," nikasema. "Inakohoa."

"Toka lini?"

"Itakuwa tangu aje. Jamani! Na kakimbia hivyo hivyo."

Mbogoni akazikunja zile plagi kwenye kitambaa akazitia mfukoni. Mimi nikachukua spana, nikavuka lami, nikamwashiria mwalimu wa chekechea afungue boneti.